Kura ya kupunguza kodi ni rahisi, kuirejesha ndiyo kazi

Tangu Mswada wa Fedha wa mwaka wa 2024 uondolewe kufuatia maandamano ya vijana, ambamo watu kadhaa walipoteza maisha yao, kuna swali moja ambalo nimeulizwa mara nyingi na walimu wenzangu na pia na wanafunzi wa sekondari. Je, kwa nini wananchi wenyewe wasiwe wakiipigia kura kila kodi inayopendekezwa, badala ya kuwaachia wabunge kazi hiyo? Wanaouliza husema kwamba mwenye mfuko ndiye anayestahili kuufungua, na kwamba mwakilishi akikosa masikio, basi mwananchi na ajisemee mwenyewe.

Swali hili ni zuri na halifai kupuuzwa. Hata hivyo, kabla ya kulijibu, yafaa tuwatazame watu ambao wamekuwa wakilitenda jambo hilo kwa zaidi ya miaka 100. Hao ni wakazi wa jimbo la California, nchini Marekani. Historia yao inatuhusu sisi walimu na wanafunzi kwa njia ya pekee, kwa kuwa kura waliyoipiga kuhusu kodi ya nyumba iligeuka kuwa kura kuhusu shule, ingawa wengi wao hawakuwa na nia hiyo.

Ilikuwa mwaka wa 1911, wakati wa Gavana Hiram Johnson, ambapo katiba ya California ilibadilishwa ili kuwapa wananchi uwezo wa kutunga sheria bila kupitia Bunge lao. Siku hizo kampuni kubwa ya reli ilikuwa imewatia wanasiasa wengi mfukoni, na wananchi walitafuta njia ya kulizunguka Bunge hilo. Utaratibu uliowekwa ungali ukitumika. Mtu akiwa na wazo, huliandika na kukusanya sahihi za wapiga kura. Kwa sheria ya kawaida huhitajika sahihi zinazofikia asilimia 5 ya kura zilizopigwa katika uchaguzi wa gavana uliotangulia. Kwa marekebisho ya katiba, asilimia 8. Zikitimia, wazo hilo hupewa nambari, huitwa Pendekezo, na huletwa mbele ya wapiga kura wote wa jimbo.

Mbali na hayo ya jimbo zima, miji na wilaya za shule huwa na maswali yao. Mpiga kura anayekwenda kumchagua rais huikuta karatasi inayomuuliza pia iwapo wilaya yake ya shule ikope fedha za kujengea madarasa, au iwapo kila kiwanja kitozwe kiasi fulani cha fedha ili walimu wasiachishwe kazi. Kwa mwalimu wa Kenya anayesubiri fedha kutoka Nairobi, jambo hilo lasikika kama ndoto. Lakini tuendelee.

Zamani, shule za California zilitegemea sana kodi ya ardhi na majengo iliyokusanywa katika wilaya zilizokuwamo. Matokeo yake si vigumu kuyakisia. Katika mwaka wa masomo wa 1968 hadi 1969, wilaya ya Baldwin Park, ambayo wakazi wake hawakuwa matajiri, ilitumia dola 577 kwa kila mwanafunzi. Wilaya ya Beverly Hills, makao ya matajiri na waigizaji wa filamu, ilitumia dola 1,232. La kushangaza zaidi ni kwamba wakazi wa Baldwin Park walijitoza kodi kwa kiwango kilichozidi mara mbili kile cha Beverly Hills. Maskini alijikamua zaidi, akapata kidogo. Mzazi mmoja, John Serrano, pamoja na wenzake, alikwenda mahakamani, na Mahakama ya Juu ya California ikaamua, mwaka wa 1971 na tena mwaka wa 1976, kwamba utaratibu huo haukuwa wa haki na ulikwenda kinyume cha katiba.

Wakati huo huo, bei za nyumba zilikuwa zikipanda kwa kasi. Kwa kuwa kodi ilifuata thamani ya nyumba, mstaafu aliyeishi katika nyumba ile ile, kwa malipo yale yale ya uzeeni, alijikuta akidaiwa kodi kubwa zaidi mwaka baada ya mwaka. Hakuwa ameongeza hata chumba kimoja. Wazee wengi waliogopa kwamba wangelazimika kuziuza nyumba walizozilipia maisha yao yote. Kwa upande mwingine, hazina ya jimbo ilikuwa imejaa ziada ya mabilioni ya dola, nao Bunge na Gavana Jerry Brown hawakufaulu kupata njia ya kuwapunguzia wananchi mzigo kwa wakati. Mgala muue na haki yake umpe: hasira ya watu wale ilikuwa na sababu.

Wanaume wawili, Howard Jarvis na Paul Gann, waliitumia hasira hiyo kukusanya sahihi. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa Pendekezo la 13, lililopigiwa kura tarehe 6 Juni, 1978, na kupita kwa zaidi ya asilimia 60. Masharti yake yalikuwa mepesi kueleweka. Kodi ya ardhi na majengo isizidi asilimia 1 ya thamani. Thamani yenyewe irudishwe katika kiwango cha mwaka wa 1975, na tangu hapo isiongezwe kwa zaidi ya asilimia 2 kila mwaka, mpaka nyumba itakapouzwa. Kisha yakafuata masharti ambayo hayakuzungumzwa sana katika kampeni: Bunge la jimbo lisipandishe kodi ila kwa thuluthi mbili ya wabunge, na serikali za mitaa zisitoze kodi maalumu ila kwa thuluthi mbili ya wapiga kura.

Mapato ya kodi hiyo yalipungua kwa zaidi ya nusu mara moja. Msimu huo huo wa kiangazi, wilaya nyingi zilifuta masomo ya likizo. Shule hazikufungwa kabisa kwa sababu serikali ya jimbo iliifungua ile hazina yake na kuziokoa. Hapo ndipo nionapo funzo la kwanza. Anayelipa ndiye anayeamua. Baada ya jimbo kuwa mlipaji mkuu, uamuzi kuhusu fedha za shule ulihama kutoka kwa bodi za mitaani ukaenda Sacramento, makao makuu ya jimbo. Wananchi waliotaka kuikaribia serikali ili waishike shingo waliisukuma mbali zaidi. Aliyekuwa akienda kwa miguu kwenye mkutano wa bodi ya shule yake kulalamika, sasa alihitaji kusafiri mamia ya kilomita.

Funzo la pili limo katika yale masharti ya thuluthi mbili. Mlango wa kupunguza kodi ulikuwa mpana, kwani kura nusu na moja zilitosha. Mlango wa kuirejesha ulifanywa mwembamba. Wilaya iliyotaka kodi maalumu kwa ajili ya shule zake na kupata kura 65 kati ya kila 100 ilihesabiwa kuwa imeshindwa, na wale 35 wakawa washindi. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Pendekezo la 13 lenyewe halikufikisha thuluthi mbili. Lingalipimwa kwa mizani ile ile liliyowawekea wengine, lingalianguka.

Kuna na jambo la jirani kwa jirani. Kwa kuwa thamani hubadilishwa pale tu nyumba inapouzwa, watu wawili wenye nyumba zinazofanana katika mtaa mmoja hulipa kodi zisizofanana hata kidogo. Mwanamke mmoja wa Los Angeles, Stephanie Nordlinger, aliyenunua nyumba mwaka wa 1988, aligundua kwamba alikuwa akilipa takriban mara tano ya walivyolipa majirani walionunua zamani. Alishtaki hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka wa 1992 akashindwa. Majaji walisema kwamba jimbo lilikuwa na haki ya kuweka utaratibu huo. Mwathiriwa mkubwa wa utaratibu kama huu ni kijana, akiwemo mwalimu kijana, anayenunua nyumba yake ya kwanza. Anayefaidi ni yule aliyetangulia, na pia kampuni kubwa zenye majengo ambayo hayauzwi mara kwa mara.

Je, shule ziliathirika kiasi gani? Sitaki kudai kwamba kila tatizo la shule za California lilitokana na kura moja. Uamuzi wa kesi ya Serrano nao ulichangia kubadili mambo, na idadi ya watoto iliongezeka mno. Lakini jimbo ambalo hapo awali lilitumia fedha nyingi kwa kila mwanafunzi kuliko wastani wa nchi lilijikuta, kufikia miaka ya 1990, likiwa chini ya wastani huo. Madarasa yake yalikuwa miongoni mwa yenye msongamano mkubwa zaidi nchini mwao, hata mwaka wa 1996 jimbo likalazimika kuanzisha mpango wa kupunguza wanafunzi wa madarasa ya chini hadi 20 kwa kila mwalimu. Walimu wetu wanaofundisha watoto 70 katika chumba kimoja huenda wakatabasamu wasomapo haya. Hata hivyo, kila jamii hujipima kwa kile ilichokuwa nacho.

Sasa tazama kazi iliyofuata ya kurekebisha mambo, maana wahenga hawakukosea waliposema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Mwaka wa 1984 wapiga kura waliidhinisha bahati nasibu ya jimbo, wakiambiwa kwamba ingesaidia shule. Iliwasaidia wengi kulala usingizi wakidhani kwamba tatizo limekwisha, ilhali fedha zake ni sehemu ndogo sana ya bajeti ya elimu. Mwaka wa 1988 walipitisha, kwa kura chache, Pendekezo la 98, lililoilazimisha serikali ya jimbo kuzitengea shule na vyuo vya jamii sehemu maalumu ya bajeti, ambayo kwa kawaida hukaribia asilimia 40 ya mfuko wake mkuu. Machi 2000 waliulizwa kama mikopo ya kujenga shule ingepitishwa kwa wingi wa kawaida wa kura badala ya thuluthi mbili. Wakakataa. Novemba mwaka huo huo wakaulizwa tena, safari hii kiwango kikiwa asilimia 55, wakakubali.

Mwaka wa 2012, baada ya msukosuko mkubwa wa uchumi kuwafanya maelfu ya walimu kupewa barua za kuachishwa kazi, Pendekezo la 30 lilipandisha kwa muda kodi ya mapato ya matajiri na kodi ya mauzo. Aliyelipigia debe alikuwa Gavana Jerry Brown, yule yule aliyekuwa gavana mwaka wa 1978. Alikuwa amerudi madarakani baada ya miaka mingi, na kuikuta kazi ya kujaza shimo lililochimbwa wakati wa utawala wake wa kwanza. Pendekezo hilo lilipita. Na mwaka wa 2016 sehemu ya matajiri ikarefushwa hadi mwaka wa 2030. Lakini mwaka wa 2020, wananchi walipoombwa waruhusu majengo makubwa ya biashara yatozwe kodi kwa thamani yake halisi, walikataa. Ngome ya 1978 bado imesimama.

Mwaka huo huo wa 2020, mwezi wa Machi, mkopo wa dola bilioni 15 wa kukarabati na kujenga shule uliletwa mbele ya wapiga kura. Nambari uliyopewa, kwa kuwa nambari huzunguka, ilikuwa 13. Ukashindwa. Baadhi ya walioutetea walilalamika kwamba watu wengi walidhani wanaulizwa kuhusu lile la zamani. Sijui kisa kingine kinachoonyesha kwa uwazi zaidi jinsi karatasi ya kura inavyoweza kumchanganya mtu msomi. Ilibidi kungoja hadi Novemba 2024 ndipo mkopo mwingine, wa dola bilioni 10, ukapitishwa.

Nisije nikaeleweka vibaya. Kura za aina hii zimewahi pia kuleta manufaa makubwa. Mjini Los Angeles, shule zilikuwa zimejaa hata nyingine zikawa zikifundisha kwa zamu mwaka mzima, kundi moja likitoka likizoni na jingine likiingia. Kuanzia mwaka wa 1997, wakazi waliidhinisha mikopo kadhaa, wa kwanza ukiwa wa dola bilioni 2.4, na kwa fedha hizo zikajengwa shule mpya zaidi ya 100. Chini ya sheria ya asilimia 55, wilaya inayokopa hutakiwa kutaja mapema miradi itakayotekelezwa, kukaguliwa hesabu kila mwaka, na kuwa na kamati ya raia ya kuchunguza matumizi. Mpiga kura aliyeambiwa kwamba fedha zake zitajenga shule fulani aliweza kwenda kuitazama ikijengwa.

Jimbo la Colorado nalo lina kisa chake. Mwaka wa 1992 wapiga kura wake walipitisha sheria ya kikatiba kwamba kodi yoyote isipandishwe bila idhini yao, na kwamba matumizi ya serikali yawekewe mipaka. Mwaka wa 2000 wapiga kura wa jimbo lilo hilo wakaamuru kwamba fedha za kila mwanafunzi ziongezwe kila mwaka kushinda mfumko wa bei. Kwa mkono mmoja waliifunga hazina, kwa mkono wa pili wakaiamuru itoe zaidi. Walipoulizwa mwaka wa 2013 kama wangekubali kodi kubwa ya mapato kwa ajili ya shule, walikataa kwa wingi mkubwa. Kila swali liliulizwa peke yake, na kila jibu lilikuwa na mantiki yake. Lakini majibu hayo hayakukaa pamoja. Bunge, pamoja na dosari zake zote, hulazimika kuyatazama mapato na matumizi katika kitabu kimoja.

Turudi nyumbani. Sisi tumepiga kura ya maamuzi kuhusu katiba mwaka wa 2005 na mwaka wa 2010, lakini hatujawahi kupiga kura kuhusu karo. Ibara ya 257 ya katiba yetu huruhusu wananchi kuanzisha marekebisho ya katiba kwa sahihi milioni moja, na Ibara ya 201 husema kwamba wananchi sharti washirikishwe katika masuala ya fedha za umma. Hivyo basi, mlango upo. Swali ni tutautumia kwa busara gani.

Wakenya wanajua, pengine kuliko watu wa California, kwamba gharama ya shule haifi kwa kukatwa katika bajeti. Serikali ilipoingia katika mpango wa kugawana gharama mwaka wa 1988, mzigo ulihamia kwa mzazi. Elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure mwaka wa 2003, zaidi ya watoto milioni moja walijitokeza. Maana yake ni kwamba walikuwapo nyumbani muda wote huo. Na hata sasa, fedha za serikali kwa wanafunzi wa sekondari, ambazo tangu mwaka wa 2018 zilipangwa kuwa Sh22,244 kwa kila mmoja kwa mwaka, zinapochelewa au kupungua, mwalimu mkuu hana budi kuwageukia wazazi. Mtoto wa asiye nacho ndiye anayerudishwa nyumbani. California nayo iliona jambo hilo hilo. Baada ya mwaka wa 1978 wazazi wa mitaa ya kifahari walianza kuchangishana fedha kupitia mifuko ya hiari ya shule zao, kama harambee zetu, na shule za mitaa ya maskini zikachangisha kidogo. Ule ubaguzi uliofukuzwa mlangoni na kesi ya Serrano ukaingilia dirishani.

Kwa maoni yangu, basi, haifai kila kodi ya taifa ipigiwe kura na umma. Lakini ingefaa wananchi wa kaunti au wa eneo dogo waulizwe kuhusu jambo mahususi, kama vile ujenzi wa madarasa ya chuo cha ufundi au chekechea, kwa kiasi kinachotajwa, kwa muda unaojulikana, na kwa hesabu zinazobandikwa ukutani. Kiwango cha kura cha kuanzisha na cha kufuta kiwe kimoja. Na eneo lisilo na uwezo lisiachwe lijikamue peke yake kama Baldwin Park. Hazina ya taifa ilifidie.

Mwalimu wa historia na uraia anaweza kuligeuza suala hili kuwa zoezi la darasani. Wape wanafunzi Pendekezo la 13 lilivyokuwa, waache wapige kura kama wastaafu wa 1978, na ninaamini wengi wataliunga mkono. Kisha waambie wapige kura tena kama wanafunzi wa 1990 walio katika darasa lililofurika, na waeleze kwa maandishi ni nini kilichobadilika. Watagundua wenyewe kwamba wale walioathiriwa zaidi na kura ya mwaka wa 1978 walikuwa watoto wadogo ambao hawakuwa na kura, na wengine walikuwa bado hawajazaliwa. Mtu mzima anapoishika karatasi ya kura inayohusu fedha za umma, anawapigia na hao. Awaulizie masilahi yao kabla ya kutia alama.